Nyusi za Mkamwana Wangu

Nyusi zangu ziliisha zenyewe, unywele mmoja mmoja, mpaka uso ukawa kama yai. Nikawa nazichora kwa wanja kila asubuhi. Wiki iliyopita, kwenye foleni ya zahanati, nilijipangusa jasho, nikaingia kwa daktari na nyusi za upande mmoja. Akaniuliza nimeanguka wapi.

Ndipo nikafikiria zile za kuchanjwa kwa sindano na wino, zisizofutika. Lakini nyumbani kwetu anayeijua saluni ya mambo hayo ni mmoja tu, mkamwana wangu, mke wa mwanangu, na mimi ndiye niliyemcheka alipochanjwa zake. Miaka miwili sasa. Tulikuwa tunakula, nikawategea wajukuu kitendawili: kunguru wawili wametua ukutani, hawali wala hawaruki. Mdogo akajibu, "Nyusi za mama!" Tukacheka hadi maji yakanipalia. Mwenyewe alikusanya sahani, akaenda kuziosha.

Basi kumwomba kulinichukua siku tatu. Nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasifu mboga yake, nikasifu gauni lake, mwisho nikasema huku natazama chini. Hakucheka. Aliniambia tu kesho saa nne, na nisinywe kahawa.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la viatu, na kitanda cha ngozi na taa inayochoma macho. Fundi ni binti mchangamfu. Alinipima uso kwa uzi, akanichorea kwa penseli kwanza ili nione kabla ya sindano. Mkamwana akatoka nje kupokea simu. Fundi akanishauri nifikiri vizuri, maana kuweka ni saa mbili, kutoa ni mwaka.

"Muulize mkweo," akasema. "Amekuja kufutwa kwa mashine ya kuchoma mara tano, na kila mara analia. Eti wanawe walikuwa wanamwita mama kunguru, hata mbele ya wageni."

Mimi nilidhani nyusi zake zimepauka kwa jua. Ule mtandio anaoushusha mpaka karibu na macho, nilikuwa nawaambia majirani ni madaha.

Nilitamani kitanda kile kinimeze. Aliporudi aliniinamia, na chini ya taa nikaliona kovu penye nyusi zake, jembamba, linang'aa. Akachukua pamba, akapunguza penseli upande wa kushoto, akamwambia fundi kwamba hapa pamepanda mno.

"Mwanangu," nikasema, "ulichomwa kwa sababu ya mdomo wangu."

"Usitikise kichwa, mama."

Fundi akauliza kama tuanze. Nikasema leo bado. Kosa nililifanya mezani, mbele ya watoto, na kuomba msamaha chumbani kwa watu ni kujificha. Nikarudi nyumbani na nyusi zangu za penseli, nyeusi tii, barabara nzima wananigeukia.

Wakati wa chakula nikawaambia wajukuu kwamba bibi alikosa, kwamba mama yao aliumia kwa sababu yangu. Nilikuwa bado nasema, ila mdogo ananitazama usoni, kajiziba mdomo, anajikaza. Akashindwa. Wakubwa wakamfuata, meza nzima ikawa kicheko.

Mkamwana wangu aliweka kijiko chini.

"Bibi hachekwi," akasema taratibu. "Kuleni."

Wakanyamaza papo hapo. Maneno mawili tu, na siku ile alipochekwa yeye, mimi sikuyasema. Walipomaliza kula nikakusanya sahani, nikaenda kuziosha.