Ribiti ya Nne

Kuna watu suruali yao ina mifuko sita na bado wanahifadhi vitu mdomoni. Fundi wetu alikuwa mmoja wao. Akifungua nati, inaingia shavu la kulia. Akifungua skrubu, shavu la kushoto. Misumari aliibana kwa midomo, ikachomoza kama masharubu ya paka. Mtaa mzima ulimwita Kabati, naye akaitika kwa shida, maana kuitika kunataka mdomo mtupu.

Kabati alikuwa amemwoa binti wa mjane mmoja mwenye uwanja mpana, banda la mabati na trekta kuukuu. Mwaka nenda mwaka rudi, mjane huyo hakuwahi kumwita "mwanangu". Alimwita "mume wa mtoto wangu", kama mtu anayesoma anwani juu ya bahasha. Si kwamba alimchukia. Alikuwa bado anamchunguza tu, na uchunguzi wa mama mkwe hauna mwisho.

Trekta lilikuwa la marehemu mumewe. Lilizaliwa jekundu, likazeeka likawa rangi ya chai. Sasa mjane alitaka kulipeleka kwenye maonyesho ya mashine za kale, na sharti la maonyesho lilikuwa moja gumu: kibati cha namba, kile kidogo kilichopigwa ubavuni mwa injini, kiwe kimeshikwa na ribiti zake za kiwandani, vile vijisumari vifupi vya kugongwa, kila moja na nyota ndogo kichwani. Kibati chenye ribiti za dukani huhesabiwa kimeng'olewa kwenye trekta jingine, na mkaguzi akija humwacha mwenyewe nyumbani na aibu yake.

"Lipake rangi," mjane alimwambia Kabati. "Ila kila kitu kirudi kilipotoka. Marehemu alilipenda trekta hili kuliko alivyonipenda mimi. Sikulalamika, maana lilikuwa linamtoa ndani."

"Kila kitu kitarudi, mama," akasema Kabati. Akaweka na mkono kifuani.

Kazi ya kukitoa kibati aliifanya kwa adabu zote. Kibati chembamba, ukikivuta kwa pupa kinajikunja kama jani kavu. Aliloweka ribiti kwa mafuta ya taa, akazungumza nazo, akazikamata kichwa kwa koleo na kuzizungusha polepole. Tatu zilimtoa jasho. Ya nne, ya kona ya chini, ilitoka bila ubishi, kama mgeni aliyekuwa akisubiri tu kuambiwa kwaheri. Shina lake lilikuwa laini. Kabati akadhani mikato yake ya kung'ata chuma imeliwa na kutu. Kichwa kilikuwa na tabaka za rangi ya zamani zilizogoma kutoka, basi akakiacha hivyo hivyo.

Akapiga rangi. Ikakauka ikang'aa, kuku wa mjane wakaja kujitazama. Kilichobaki kilikuwa kukirudisha kibati. Kabati akakiweka sawasawa juu ya matundu yake, mkono wa kushoto ukakishikilia, wa kulia ukachukua nyundo, na ribiti zote nne, kama mnavyojua, zikaingia kabatini.

Mjane akatokea nyuma yake, kimya, na viatu vyake vya mpira.

"Unaendeleaje, mume wa mtoto wangu?"

Sasa wewe ungefanya nini? Mkwe amekuja, hujamwamkia tangu asubuhi. Kabati aligeuka, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Au alikusudia kusema hivyo. Kilichotoka kilikuwa "shika", kisha kitu kikateleza nyuma ya ulimi, kisha "moo" ikasikika mbali sana, kama ng'ombe wa jirani.

"Marahaba," mjane akajibu. Akamtazama koo likipanda na kushuka. "Umekabwa?"

"Hapana, mama. Vumbi."

Alipoondoka, Kabati akatema mkononi. Ribiti tatu. Akatazama chini ya trekta, akatazama mifukoni, kazi bure. Aliijua iliko.

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaapa kutomwambia mtu. Lakini siri kwa mwanamke yule ilikuwa maji ndani ya pakacha, na njia ya kwenda kwa mama yake ilikuwa fupi.

Kesho yake mjane alileta papai zima. "Kula, mume wa mtoto wangu. Kazi ya rangi inakausha tumbo."

"Asante, mama. Kibati nasubiri rangi ikauke vizuri."

"Subiri tu. Kinachosubiriwa hufika."

Kesho yake tena, papai. Kabati alikula huku akitabasamu kwa taabu, na kila alipokwenda msalani alikwenda na kijiti na matumaini, akarudi na kijiti. Mjane alikaa kibarazani akichambua mchele, akimhesabia safari.

"Rangi haijakauka?"

"Bado kidogo, mama."

"Rangi nyingine nzito," akasema mjane, akapuliza pumba. "Hukaa kule ndani, zikastarehe."

Ikafika siku ambayo kesho yake asubuhi mkaguzi wa maonyesho angekuja na lenzi yake. Kabati alizunguka trekta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Angeweza kununua ribiti na kuichonga nyota kwa patasi. Alijaribu hata, juu ya kichwa cha msumari. Kikatoka kitu kama buibui aliyekanyagwa. Halafu akamkumbuka mama mkwe akisema kila kitu kirudi kilipotoka, akautupa msumari. Afadhali kuitwa mume wa mtoto wa mtu maisha yako yote kuliko kuitwa mwongo mara moja.

Akaenda kibarazani, akachuchumaa mbali kidogo, akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mama, kuna kitu cha trekta kimechelewa."

"Kimechelewa wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi hiyo?"

"Mama, nakuheshimu."

"Heshima yako naiona. Nakuuliza njia."

Kabati akafumba macho. "Nimeimeza ribiti, mama. Siku ile nilipokuamkia nikiwa kazini. Nisamehe. Sikutaka kukutajia habari za huko."

Mjane aliweka ungo chini. "Ya kona gani?"

"Ya chini. Ile yenye rangi ya zamani."

Kwanza mabega ndiyo yalicheka, kisha tumbo, kisha akaanza kujifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Umemeza msumari wa viatu," akasema. "Marehemu aliukata mwenyewe, akaupaka rangi nikimwona, akidhani simwoni. Ulikuwa hauna nyota hata siku moja."

"Na yenyewe ilikwenda wapi?"

Mjane aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kopo la vifungo, akachakura, akaibua ribiti moja ndogo. Nyota kichwani, mikato yote shinani. "Haya. Kafunge."

Kabati aliipokea kwa mikono miwili, akakimbia bandani. Kibati mahali pake, ribiti tatu zikagongwa moja baada ya nyingine, tak tak, kibati kikatulia. Akabadilisha nyundo mkono, na ile ya nne, kwa mazoea, akaibana midomoni.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. Alimwacha kwanza. Alitaka kuona.

"Mwanangu," akasema.

Kabati aliduwaa. Neno lile alilisubiri tangu harusi, likamkuta na ribiti mdomoni. Kidogo aimeze na hii.

"Mwanangu, itoe mdomoni. Hiyo imeshapita huko mara moja. Baba mkwe wako ndiye aliyeimeza kwanza. Ilipotoka aliona haya kuigonga tena, akaniambia niitupe."

Kabati aliitema mkononi, akaitazama.

"Niliichemsha," akasema mjane. Akafikiri kidogo. "Nadhani niliichemsha."

Asubuhi mkaguzi alikuja, akapiga magoti, akaweka lenzi. Akahesabu nyota nne, akagonga muhuri, akauliza ni nani aliyefunga kibati kwa ustadi vile.

"Mwanangu," mjane akajibu. Kabati, aliyekuwa akitafuna kipande cha papai, alimeza kwa uangalifu mkubwa.

Mkaguzi alipokwisha kwenda, mjane alisogeza kopo la vifungo karibu na mlango wa msalani, kifuniko wazi.

"Msumari usiuharakishe," akasema. "Nafasi yake ipo."