Upepo wa Albano

Tangu Jumatatu tumbo la Albano lilikuwa limenyamaza kimya, na sasa ilikuwa Ijumaa. Mama mkwe wake, Margareta, alikaa kando ya kitanda wodini akilitazama lilivyovimba chini ya shuka. Madaktari walimpasua siku hiyo ya Jumatatu kwa sababu utumbo ulijisokota akiwa kazini, katika karakana moja ya Chang'ombe, akaanguka puu kama gunia. Mkewe, Adelina, alikuwa nyumbani na kichanga cha siku tisa. Margareta, mama yake Adelina, alitoka Masasi mwaka ule wa foleni za unga, barua ya balozi wa nyumba kumi mkononi, aje kumkanda mzazi. Akajikuta anauguza mkwe!

Na kuuguza mkwe, jamani, si mchezo. Kwao mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe, na hata akimwamkia hutazama chini. Leo huyu amelala mbele yake na shuka la hospitali lisilomfika miguuni! Margareta alimsitiri kadiri alivyoweza. Nesi akija na chombo, yeye aligeukia ukutani.

Alfajiri ya siku ile, Albano akiwa amesinzia, akajamba. Naam, akajamba, mnataka nisemeje? Upepo wenyewe ulisikika mpaka kitanda cha nne. Nesi Atuganile, aliyekuwa akipita, akasimama ghafla. "Nani huyo?"

Albano alikuwa ameshazinduka, uso umemwiva kwa aibu. Margareta akadakia upesi. "Ni mie, mwanangu. Uzee huu!"

Nesi akacheka, akaenda zake. Albano akafumba macho kwa shukrani, na tangu hapo akajibana hasa.

Saa tatu Daktari Ansbert akapita. Aliweka mpira wa kusikilizia juu ya lile tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu. "Umetoa upepo?"

Albano akatazama miguu ya mama mkwe. "Bado, Ndugu Daktari."

"Basi saa nane tunafungua tena."

Margareta akageukia dirishani. Jumatano walimfungua tena mtu wa kitanda cha dirishani, na mpaka leo godoro lake li tupu. "Baba, upepo una nini hata mumpasue tena?"

Daktari hakuwa na haraka wala kiburi, akamweleza. "Utumbo una mishipa yake ya fahamu, mama. Unasukuma chakula wenyewe, haungoji amri ya kichwa. Lakini ukishikwashikwa kwenye upasuaji huzimia. Na mtu akijaa hofu, ubongo nao huuambia utulie. Ukiamka, upepo ndiyo habari ya kwanza. Ni mlango wa mwisho tu unaotii kichwa, huo mtu anaweza kuubana. Siku ya tano sasa sina habari yoyote. Naogopa umejisokota tena."

Akaondoka. Margareta akajipiga paja. Habari ilikuja, masikini, na yeye ndiye aliyeificha!

"Albano," alinong'ona, "mwambie daktari."

Albano akageukia upande wa pili. "Mama, nakuomba. Usinivue nguo mbele ya watu."

Margareta hakumfuata daktari. Adhuhuri ikapita. Alijaribu kusali, sala ikamkatikia katikati, maana kila akifumba macho alimwona Adelina na kile kitoto. Saa nane kasoro wahudumu wakaleta kitanda cha magurudumu, kinalia kwii, kwii, na daktari nyuma yake. Wakamshika Albano mabega.

"Mwacheni!" Margareta akapaza sauti. Wodi nzima ikageuka. "Daktari, ule wa alfajiri haukuwa wangu. Ni wake. Nilimsitiri."

Daktari akasimama. "Kweli, Albano?"

Albano akasema, "Mama ananihurumia tu. Sikutoa kitu."

Haya, mwanamume anakwenda kufa kwa adabu! Hofu ikamgeukia Margareta kuwa hasira. Akamsogelea, akafanya ambalo hakuwahi kulifanya, akamshika mkwewe uso kwa mikono miwili, macho kwa macho.

"Heshima yako nimeipokea, baba, imetosha. Ukirudishwa kwa Adelina ndani ya sanduku, heshima hiyo mie nitaipeleka wapi? Nitamnyonyesha nayo mtoto?"

Albano akaangua kilio. Alilia kwa kwikwi, kifua kikipanda na kushuka, mwili wote ukamlegea. Na katika kulegea huko upepo ukamtoka, mrefu, mzito, hauna mwisho. Hakuna aliyecheka. Daktari akainama na mpira wake, akasikiliza, akawapungia mkono wenye kitanda warudi walikotoka.

"Nisamehe, mama," Albano akasema, uso ungali mikononi mwa mkwewe.

"Nikusamehe nini?" Margareta alikuwa akilia waziwazi. "Ongeza, mwanangu. Ongeza!"