Kamusi ya Joram na Uzi wa Pola

Tangu jana asubuhi Pola hakuwa ameonja kitu. Uji wa mtama ulipoa bakulini ukafanya utando juu. Alilala mkekani kwa nyanyake Zipporah, hapa Gongoni, mwili moto, midomo imekauka, akirudia neno moja: hungsing. Kila akilisema alishika shingo.

Mamake, Mchina wa Guangzhou, alikuwa amefariki. Babake, Joram, alimleta mtoto kwa Zipporah akarudi China kufunga nyumba. Sasa yumo ndegeni, hapatikani. Alikuwa ameacha simu yake ya zamani yenye kamusi ya Kichina, akasema waandike humo lolote asemalo mtoto.

Pamela, dadake Joram, aliandika. Kamusi haikujua. Akapunguza herufi, akaongeza, wapi. Zipporah, akimpangusa mtoto kwa kitambaa kibichi, alisema koo ndilo linalomuuma. Pamela akamkumbusha kwamba zahanati ilishalitazama koo, likaonekana zima. Asipokunywa leo, walisema, atatundikiwa maji.

"Au hasemi Kichina huyu, mama?"

"Basi ni Kigiriama, na sisi ndio viziwi."

Lakini mdomo wa Zipporah ulibaki wazi. Alikumbuka Joram akisimulia jinsi mkewe alivyokuwa akimbembeleza Pola kwa lugha ya kwao, wakicheka wawili, naye Joram akicheka tu bila kuelewa.

"Pamela, sisi sokoni tunasema Kiswahili, nyumbani Kigiriama. Joram alijifunza cha sokoni. Tafuta cha nyumbani."

Pamela akafungua mipangilio. Penye lugha za kutafutia, Kimandarini kilikuwa na alama. Kikantoni, cha watu wa Guangzhou, kilikuwa kitupu. Akatia alama zote mbili. Simu ikataka kwanza kupakua maneno ya Kikantoni, na mtandao wa hapo ni wa kuombewa. Akatoka akapanda jiwe la kufulia, mkono juu. Ndani, Pola alikuwa ameacha hata kulia, na kunyamaza kule kulimtisha Zipporah kuliko kilio.

Pamela alirudi na simu, akaandika tena, akasoma polepole. "Uzi mwekundu."

Kitambaa kilimdondoka Zipporah. Siku ya kwanza kumwogesha Pola alimkuta shingoni na uzi mwekundu wenye kijiwe cha kijani. Yeye ni mama wa kanisa. Hirizi hailali nyumbani kwake. Aliukata kwa wembe akautupa mafigani, hata Pamela hakumwambia.

"Nimeuchoma," alisema. "Mamake ndiye aliyemfunga, bila shaka, nami nimeuchoma."

Jivu la mafiga humwagwa chini ya mpapai. Zipporah alipiga magoti hapo na chekecheke la unga, akachekecha hadi kope zikawa nyeupe, akiomba kwa sauti ya chini. Mkaa. Mfupa wa samaki. Kisha kijiwe, cheusi, kimepasuka ufa.

Uzi haukuwapo. Akachomoa mwingine kwenye pindo la leso yake nyekundu ya kanisani, akakifunga, akamvisha Pola kile alichokiita hirizi kwa mikono ile ile iliyoukata uzi wake.

Pola alikipapasa. Kidole kilisimama kwenye ufa. Akamtazama nyanyake muda mrefu, akageukia ukutani na kijiwe ndani ya ngumi.

Zipporah akakisogeza kikombe cha maji ya chumvi na sukari, akakishikilia hapo. Baadaye sana, bila kugeuka, mtoto alinyoosha shingo akanywa funda moja.