Gego la Ninian Geddes

Siku ya ishirini na moja ya kuumwa jino, Ninian Geddes alipuliza klarineti mazoezini huku machozi yakimlengalenga, akawaambia wenzake kwamba ni vumbi.

"Vumbi gani hilo la kuvimbisha shavu?" Rab Haldane, mpiga ngoma, aliacha vijiti vyake akamchungulia. "Au umeficha kiazi humo, bwana mkubwa?"

Bendi nzima ikacheka. Walikuwa sita, wamejibana chini ya ghala la mvinyo pale Leith, mji wa bandari, na Ninian ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Klarineti hiyo aliletewa na mjomba wake baharia, imefungwa kwa kamba ya kiatu, Ninian akiwa na miaka kumi na minne. Alijifundisha jazi kwa kusikiliza sahani za santuri mpaka sindano ikazichimba. Mchana alichora michoro ya meli katika ofisi moja ya bandari, na Jumamosi aliwachezesha watu dansi, kwanza katika vyumba vya kanisa vinavyonuka nta, baadaye katika kumbi za kweli. Kisha bendi ikarekodi. Na sasa, mwaka huu wa 1957, wameitwa kuzunguka miji ya Uingereza kwa wiki sita, safari inaanza Jumatatu, na Ninian amekwisha kuacha kazi ya michoro. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, hana pa kurudi isipokuwa jikoni kwa mama yake.

"Kaling'oe," Rab alisema, safari hii bila mzaha. "Mimi nilipotimiza ishirini na moja, mzee alinipa zawadi. Aligharamia meno yangu yote yang'olewe siku moja. Tangu hapo sijui jino linaumaje."

"Wewe unapiga ngoma, Rab. Ngoma haishikwi kwa meno."

Hapo ndipo palipokuwa na hofu yake yote. Klarineti hukaa chini ya meno ya juu ya mbele, na sauti ya mtu hujengwa hapo. Ukiweka meno ya bandia, yanacheza, na sauti inacheza nayo. Ninian alimfahamu mzee mmoja wa Dundee, fundi hasa wa klarineti, aliyewekewa ya bandia akajaribu kupuliza miezi minane, kisha akaiuza akafungua duka la samaki. Na katika ukoo wa Geddes hapakuwa na mtu aliyewahi kwenda kwa daktari wa meno akarudi na jino hata moja. Mama yake aling'olewa yote wiki ya harusi yake. Dada yake vivyo hivyo. Ilikuwa ndiyo desturi: unayatoa mapema, yote, yasije yakakusumbua wewe na mwenzi wako mbele ya safari. Watu walipongezana kwa jambo hilo.

Mama yake, Euphemia, aliliona shavu siku hiyo hiyo.

"Nimekuwekea miadi kwa Daktari Moncur. Alhamisi, saa tano asubuhi. Na mimi nakuja."

"Jino moja tu, mama. Gego la chini, kushoto."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Euphemia, akageukia sinki.

Alhamisi Ninian aliamka akakuta sufuria kubwa ya supu ya shayiri jikoni. Akafunua. Supu ilikuwa imechujwa, haina nyama, haina hata kipande cha karoti. Pembeni palikuwa na bakuli nne za mayai na maziwa yaliyogandishwa, laini, chakula cha mgonjwa. Na juu ya kiti, skafu mpya ya sufu, pana, ya kumfunika mtu pua na mdomo.

Jino moja lina makuu yote haya? Alitaka kumwuliza mama yake, lakini aliogopa jibu, kwa hiyo akavaa koti. Alipotoka aliibeba klarineti katika kisanduku chake, bila kujua ataifanyia nini.

Chumba cha kungojea kilikuwa na watu wawili tu, msichana na mama yake. Harusi ya binti ni Jumamosi hii, mama mtu alisema bila kuulizwa. Msichana alitabasamu kwa adabu. Alikuwa na meno meupe, yamepangika, na mapajani mwake kulikuwa na skafu mpya.

"Zawadi ya baba yake," mama mtu aliongeza.

"Hongereni," alijibu Euphemia.

Ninian aliitazama ile skafu, kisha akaitazama iliyo mikononi mwa mama yake. Zilifanana. Kabla hajafungua mdomo, muuguzi akaita jina lake.

Daktari Moncur alikuwa mzee mchangamfu mwenye mikono mizito. Alimlaza kitini, muuguzi akashusha kile kikombe cha mpira cha gesi ya usingizi mpaka karibu na pua.

"Una bahati ya mama, Bwana Geddes," alisema daktari. "Wengine huwaaga wanao kwa saa ya mkononi."

"Na yeye ameniaga kwa zawadi gani?"

"Kung'olewa meno yote, juu na chini! Mtu wa majukwaani hawezi kuhangaika na meno. Vuta pumzi."

Mpira uligusa pua. Ninian aliisikia ile harufu tamu, akaona chumba kinaanza kurudi nyuma, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alikisukuma kikombe kikaanguka sakafuni.

"Moja!" alipiga kelele. "Gego la chini kushoto!"

"Hayo mengine yataoza tu, kijana. Kila mtu huyatoa."

"Mimi meno haya ndiyo kazi yangu. Gesi sitaki."

"Bwana Geddes, usiwe mtoto," alisema muuguzi.

"Nikilala hapa sitaamka nayo."

Daktari alimfungua mdomo akalichungulia gego, uchangamfu umempungua. "Pana usaha pale. Sindano ya ganzi haitashika vizuri. Utaumia, nakwambia kabisa."

"Niumie."

Naye aliumia. Aliikumbatia klarineti kifuani kama mtoto, akayakodoa macho asiyafumbe hata sekunde moja, na kila koleo lilipoingia aliuweka ulimi nyuma ya meno ya mbele kuyalinda. Gego liligoma. Daktari alipandisha goti kwenye kiti. Kitu kikalia ndani ya fuvu, Ninian akalia nacho, kisha koleo likatoka na gego lenye mizizi miwili.

Alitema damu. Midomo nusu imekufa ganzi, aliunga vipande vya klarineti hapo hapo kitini. Ilibidi ajue. Aliiweka chini ya meno ya mbele, akapuliza. Mara ya kwanza ilitoka hewa na mate. Mara ya pili ikatoka sauti, nene na ya chini, ikaingia mpaka chumba cha kungojea.

Mlango ukafunguka. Euphemia alisimama na skafu yake.

"Meno bado unayo," alisema.

"Ninayo."

"Nilidhani nakusaidia, Ninian. Haki ya Mungu." Alikaa kwenye kiti cha muuguzi bila kukaribishwa. "Mimi hayakuniuma."

"Nini?"

"Yangu. Hakuna lililokuwa bovu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiimba kanisani, sauti ya kwanza. Niliamka nikajipapasa nikalia, na mama akaniambia nishukuru. Basi nikashukuru. Sikuimba tena, maana haya ya bandia yalikuwa yananitoka nikifungua mdomo."

Ninian hakuwahi kujua kwamba mama yake aliimba. Aliishusha klarineti mapajani.

Euphemia aliinuka. Alirudi chumba cha kungojea akasimama mbele ya yule msichana.

"Yanakuuma, mwanangu?"

Msichana alimtazama mama yake kwanza. "Hapana."

"Wewe mama, shughulika na wako," alisema mama mtu.

Euphemia aliingiza vidole mdomoni, akayatoa meno yake ya bandia, ya juu na ya chini, kitu ambacho hata mwanawe hakuwahi kumwona akikifanya. Akayaweka kiganjani, akamwonyesha msichana meno na uso uliobaki bila meno, mashavu yamezama, mdomo umeingia ndani.

"Nina miaka hamsini na miwili," alisema, maneno yakimponyoka kwenye fizi. "Nitazame vizuri."

Msichana alitazama. Muuguzi akaita jina lake, akaita tena, naye hakuinuka.