Kobe Bila Vazi

Fundi Faulu alikuwa amelala chali chini ya gari, akipaka rangi nyeusi juu ya kipande cha boksi ili kifanane na chuma, alipoviona viatu vya mgeni. Vilikuwa viatu vya kike, vya ofisini, na vilisimama pale kama vimekuja kudai maelezo.

"Wewe ndiye unayevalisha magari?" viatu viliuliza.

"Inategemea nani anauliza," Faulu alijibu kutoka chini. "Kama ni serikali, mimi naziba pancha tu."

"Si serikali. Nina gari, nataka lifeli."

Faulu aligonga paji la uso kwenye ekzosi.

Watu walikuwa wamemjia na maombi ya kila namna, lakini ombi la kufeli lilikuwa geni masikioni mwake. Karakana yake ilikuwa mabati machache yaliyoegemea ukuta wa kituo cha ukaguzi wa magari, nje ya geti. Ndani ya ukuta, serikali ilipima kama gari linafaa kutembea barabarani. Nje ya ukuta, Faulu alilifanya lifae, kwa muda wa kutosha kuingia na kutoka.

Alikuwa na seti kadhaa za kukodisha, alizoziita mavazi: matairi mapya, taa za mbele zinazong'aa, na mtungi wa kuzimia moto ambao tumbo lake lilikuwa tupu tangu enzi na enzi. Gari liliingia limevaa, likatoka na cheti, likavuliwa nyuma ya ukuta, na la pili likavalishwa. Matairi yale yalikuwa yamefanya mtihani mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote nchini, na hayakuwahi kufeli. Wala hayakuwahi kukanyaga lami nyingine isipokuwa ile ya kituo. Wakaguzi waliyajua kwa sura. Mmoja aliwahi kulipapasa tairi moja akaliambia, "Umerudi tena, mpenzi?" kisha akagonga muhuri.

Wateja wake wakubwa walikuwa wenye Kobe. Jina la kiwandani la gari hilo lilishasahaulika; watu waliutazama mgongo wake wa mviringo na mwendo wake, wakalibatiza upya. Magonjwa ya Kobe ni ya ukoo. Breki ya mkono hushika siku inayotaka yenyewe. Taa za mbele huingiwa na ukungu. Boljointi za magurudumu hulia kwenye kila kona, na kutu hula sakafu kutoka chini huku zulia la juu likibaki safi kama la sebuleni. Wenye Kobe waliyajua yote hayo na waliyasimulia kwa fahari, kama mzazi anayesimulia ukaidi wa mtoto kipenzi. "Halijawahi kunilaza njiani," walisema. Na ilikuwa kweli, kwa sababu mara nyingi lilikataa kuwaka nyumbani.

Faulu alijiburuta akatoka, akajifuta mikono. Mgeni alikuwa dada wa makamo, mkoba begani, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Baba yangu ni yule karani mstaafu wa mahakama," alisema. "Mwenye Kobe la kijivu."

"Mzee Karani! Mteja wangu kipenzi huyo. Mfikishie shikamoo yangu. Ana nini?"

"Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, fundi. Juzi ameingia na gari kwenye meza ya nyanya ya mama jirani, kisha akashuka kumgombeza eti amepanga biashara katikati ya barabara. Mama wa watu alikuwa barazani kwake."

Faulu alicheka. Dada hakucheka.

"Si mumnyang'anye funguo?"

"Wewe umewahi kumnyang'anya baba yako kitu?" Dada alikaa juu ya tairi bila kukaribishwa. "Daktari wa macho kamwambia aache. Baba anasema daktari mwenyewe mtoto, hata ndevu hajaota. Kitu pekee anachokiheshimu ni huo ukaguzi wenu. Ametamka mbele ya ukoo mzima: siku Kobe likifeli, funguo nakupa kwa mkono wangu, na usukani sigusi tena. Na baba akisema, amesema. Kazi yake ilikuwa kuapisha watu. Lakini halifeli! Kila mwaka anarudi na cheti, amekishika kama cha ndoa."

"Nikikataa mimi, atakwenda kwa fundi mwingine."

"Hatakwenda. Anakuamini wewe." Aliushusha mkoba begani. "Mwanangu ndiye anayepelekwa naye shule, anakaa kiti cha mbele. Jana nimeuvuta mkanda nimfunge, ukabaki mkononi mwangu. Umeshikizwa kwa uzi wa viatu, fundi. Mshono mzuri sana."

Faulu aliujua mshono ule. Hakuna mwingine hapo mjini aliyeweza kushona hivyo. Alifungua mdomo aseme kwamba mkaguzi hutazama tu kama mkanda upo, havuti. Kisha akasikia jinsi maneno hayo yatakavyosikika, akaufunga.

"Kesho anakuja," alisema mwishowe. "Kobe lake halitavaa kitu changu hata kimoja. Na cheti hatatoka nacho, dada. Nakuahidi."

Aliahidi kwa wepesi, maana alidhani ahadi yenyewe ni ya kukunja mikono na kukaa. Kobe bila vazi litafaulu wapi?

Asubuhi yake Mzee Karani alifika amefunga tai, koti limepigwa pasi. Alilipaki Kobe nusu barabarani na nusu mtaroni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Haya, lipambe bibi harusi wako twende."

"Leo hakuna kupamba, mzee. Liingie lilivyo."

Faulu alitegemea ugomvi. Mzee alicheka hadi tai ikapinda. "Bora! Siku zote nakwambia unajisumbua bure. Gari hili zima kama mimi mwenyewe."

Binti yake, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, aliinamisha kichwa.

Kobe liliingia kituoni na matairi yake vipara, likilia boljointi mbele ya foleni nzima. Faulu alilifuata kwa miguu. Mkaguzi wa zamu alikuwa bwana mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, muhuri mkononi, na shimo la ukaguzi lilikuwa mita chache kutoka kwake, limetandwa na utando wa buibui.

"La nani hilo?" aliuliza bila kunyanyuka.

"La mteja wa Faulu," dereva mmoja alidakia.

"Aa! Pandisha kwenye mashine."

Mzee alipanda kwenye rola za kupimia breki. Taa nyekundu ikawaka. Mkaguzi akanyoosha mkono, akaizaba mashine kofi. Ikawaka nyekundu tena.

"Mashine hii nayo imeanza kusingizia watu," alisema kwa masikitiko, akavuta cheti kimoja kutoka kwenye bunda.

Faulu alikitazama cheti kile. Kumbe miaka yote hiyo hawakuwa wakipima hata matairi yake. Walikuwa wakilipima jina lake, na jina lake halikuwahi kupata kipara. Aligeuka akamwona dada pale getini. Dada hakumpungia, hakumfanyia ishara yoyote. Alikuwa anamtazama tu.

"Mkuu," Faulu aliita. "Likague."

"Nini?"

"Likague gari. Shuka shimoni."

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyeambiwa aoge hadharani. "Faulu, una homa?"

"Mimi mzima. Gari ndilo gonjwa."

"Nyamaza basi," mkaguzi alinong'ona, akimvuta shati. "Nikikagua hili, si itabidi nikague na hayo mengine kwenye foleni? Na nusu yake yamevaa nguo zako, mjinga wewe! Unajichoma kisu mwenyewe."

Lilikuwa neno la kweli, na Faulu alilipima. Kisha akachomoa bisibisi mfukoni, akalala chini ya Kobe na kuisukuma juu. Ilipenya sakafuni kama inaingia kwenye uji. Ilitokea ndani, kando ya kiatu cha Mzee Karani.

"Nini kinanigusa mguu?" mzee aliuliza, akiitazama moja kwa moja.

"Bisibisi, mzee."

"Imeingiaje?"

"Kupitia kwenye gari."

Foleni nzima ilikuwa imeshuka kutazama. Faulu alisimama, vumbi la kutu limemjaa nyusi, na kwa kuwa alishaharibu, aliona aharibu vizuri. "Na yule wa mbele, matairi yale ni yangu! Na taa za lile jekundu! Na huo mtungi wa kuzimia moto, ukiwaka moto upulize kwa mdomo, hauna kitu!"

"Msaliti!" dereva wa gari jekundu alipayuka. "Nimekulipa jana!"

"Tukukute huko nje, mbwa wewe!" mwingine alidakia.

Mkaguzi alitazama huku na huku. Maneno yakishatoka mbele ya watu wote hao, hayarudi mdomoni. Alikirudisha cheti, akatafuta kwenye droo muhuri mwingine, ambao wino wake ulikuwa umekauka kwa kukosa kazi. Ilibidi aupulizie pumzi kama anayepasha mikono, kabla haujakubali kuandika: LIMEFELI.

Mzee Karani alishuka. Aliomba karatasi, akaisogeza puani, akaisogeza mbali, kisha akampa Faulu. "Nisomee."

Faulu alimsomea. Neno lilikuwa moja, lakini lilimchukua muda kulitoa.

"Wewe ndiye umefanya hivi," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Sitakusamehe leo," mzee alisema. Akamwita binti yake, akampa funguo kwa mkono wake wa kulia, mbele ya watu.

Likabaki la kulitoa Kobe nje, maana gari lililofeli haliwashwi mle ndani, husukumwa. Madereva wa foleni walikuwa wamekunja mikono, wanamtazama Faulu kwa macho ya kumla. Hakuna aliyejongea.

"Baba, shika usukani," binti alisema. "Mimi na fundi tutasukuma. Ni hadi getini tu, hiyo haihesabiki kuwa ni kuendesha."

"Gari likitembea nami nimeshika usukani," mzee aliuliza, "hiyo inaitwa nini?"

Binti aliziangalia funguo mkononi mwake.

"Basi ingia wewe," mzee alimwambia.

Alivua koti lake, akalikunja vizuri na kuliweka kiti cha nyuma. Akazunguka akipapasa ubavu wa gari mpaka akaupata mgongo wa Kobe, akasimama bega kwa bega na Faulu, akainama, tai ikining'inia karibu na ardhi. Foleni ilikuwa inacheka. Mzee Karani alisukuma.