Jenereta ya Everline

Kijiji cha Wema kikipigwa na mvua ya hasira, kitu cha kwanza kuondoka ni stima. Mti ukilalia nyaya upande wa Garsen, kijiji kizima huzimika, na mafundi huja barabara ikishakauka, si kabla. Everline alilijua hilo vizuri tangu alipoanza kutotoa vifaranga kwa mashine. Mayai hayangoji barabara ikauke. Yakipoa, yamekwenda.

Ndiyo maana alijinyima misimu miwili, akauza mahindi na ndizi zake zote, akanunua jenereta. Siku jenereta ilipoletwa, aliyeifurahia kuliko hata yeye mwenyewe alikuwa ndugu yake, Jasper.

Jasper ndiye kitinda mimba wao. Mama yao alipofariki, mtoto alikuwa bado anatambaa. Everline akaacha shule, akawa anambeba mgongoni kwenda naye shambani mtoni. Alimlisha, akamsomesha, na alipokua akampeleka kwa fundi wa Garsen ajifunze kuchomelea vyuma. Watu wa Wema hawakumwita Jasper fundi, wala Jasper baba fulani. Walimwita Jasper wa Everline, kama mtu anavyosema jembe la fulani.

"Dada, mvua ni rafiki wa mwizi," Jasper alimwambia, akiizunguka jenereta huku akiipapasa kama ng'ombe mgeni. "Radi ikilia, nani atasikia kufuli likivunjwa? Na kitu chenyewe kinajitangaza. Stima ikipotea, kikinguruma, hata wa ng'ambo ya mto anajua kiko kwa nani."

Akamtengenezea kizimba cha vyuma nyuma ya nyumba, miguu yake akaizamisha kwenye saruji. Akachukua vyuma vya kitanda cha marehemu mama yao, vile vya buluu, akavichomelea kwenye jenereta viwe vishikio. Akaifunga kwa mnyororo mnene. Ufunguo mmoja akampa dada yake, wa pili akabaki nao.

"Ukiwa safarini stima ikapotea, nitakuja kuiwasha mimi."

Everline alilala usingizi mzuri mwaka ule. Si kwa sababu ya vyuma. Kwa sababu ya Jasper.

Masika yalipoingia, alipata habari kuwa mama yake mdogo amefariki huko Ndera. Akaenda matangani. Mazishi yakaisha, mvua ikashuka, maji yakaikata barabara, wageni wote wakakwama. Everline akapiga simu nyumbani. Mayai kwenye mashine yalikuwa karibu kuanguliwa.

"Stima ipo?"

"Imepotea tangu asubuhi," Jasper akajibu. "Usiwe na wasiwasi, dada. Natoka kazini sasa hivi naenda kuwasha."

Jioni simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Jasper, imejaa kilio. "Dada, nimefika nimekuta kizimba kitupu. Wameiba."

Everline alirudi maji yalipopungua, nusu ya safari kwa pikipiki na nusu kwa miguu, viatu mkononi. Kizimba kilikuwa wazi. Mnyororo ulikuwa matopeni, umekatwa. Ndani, mashine ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Vifaranga wengine walikuwa wameshatoboa ganda. Aliona mdomo mmoja mdogo umetokeza nje, umeachama, hautikisiki. Akaketi sakafuni. Jasper akaketi kando yake, akalia naye. Alilia kweli, kwa machozi na kamasi. Hilo ndilo lililomsumbua Everline baadaye kuliko yote.

Kesho yake jina likatajwa. Guracha, Muorma aliyekuwa akimletea maziwa kila asubuhi kwa pikipiki, alionekana siku ile amesimama chini ya paa la Everline, akijikinga na mvua. Jasper ndiye aliyelisema hilo mbele ya wazee wa nyumba kumi. Akaongeza kwamba alikuta alama za magurudumu.

Guracha alipokuja na maziwa yake, wakamsimamisha njiani, mbele ya watu. Alisimama katikati yao, koti la mvua mabegani.

"Mimi nangoja mvua pungue tu," alisema. "Mvua napungua, mimi naenda. Jenereta sijui." Kisha akamgeukia Everline. "Mama, wewe unanijua."

Ni kweli, alimjua. Malaria ilipomwangusha mwaka uliopita, Guracha ndiye aliyempakia kwenye pikipiki katikati ya majerikeni, akamfikisha hospitali Garsen, akakaa naye hadi daktari alipomwona. Everline akafungua mdomo. Akamtazama Jasper. Jasper akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia dada yake kwa kuwaamini watu ovyo. Everline akafunga mdomo.

Hawakupata ushahidi wa kumpeleka polisi. Lakini Jasper akanyanyua jerikeni la maziwa, akaligeuza, akayamwaga yote matopeni. Hakuna aliyemzuia. Guracha aliyatazama maziwa yakienda na maji, akalifunga jerikeni lile tupu, akawasha pikipiki. Tangu siku hiyo hakuonekana tena njia ya Wema.

Msimu ukaisha, mwingine ukaingia. Everline alikwenda Minjila kuuza majogoo waliobaki. Alasiri mbingu zikafunguka, naye akakimbilia hoteli ya Abdiaziz, akaagiza chai ya maziwa. Kabla kikombe hakijafika, taa zikazimika. Nyuma ya jiko jenereta ikaguruma, taa zikarudi, watu wakaendelea kula.

Alikwenda uani kunawa mikono. Jenereta ilikuwa hapo, chini ya bati, inatetemeka na kutoa moshi. Vishikio vyake vilikuwa vya buluu. Kwenye kimoja palikuwa na kovu ambapo rangi ilibanduka zamani, pale mama yao alipozoea kushika akiinuka kitandani siku zake za mwisho.

"Nzuri hiyo, mama," Abdiaziz alisema nyuma yake, akidhani mteja ameipenda. "Haijanisumbua hata siku moja. Nilinunua kwa fundi Jasper, yule wa Wema. Ilikuwa ya dada yake. Alisema dada amepata sola, haihitaji tena."

"Alisema hivyo?"

"Naam. Alimsifu sana huyo dada. Alisema ndiye aliyemlea. Unamjua?"

"Namjua," Everline alisema.

Akarudi mezani akanywa chai yake yote, si kwa kiu. 

Asubuhi alikuwa Garsen, kwenye karakana ya Jasper. Alimkuta amevaa miwani myeusi, cheche zinaruka. Jasper alipomwona alizima mashine, akatabasamu. "Karibu, dada."

"Natoka Minjila. Kwa Abdiaziz."

Tabasamu lilibaki kidogo usoni, halina mwenyewe, kisha likaondoka. Hakukana. Everline alikuwa ameomba njia nzima akane, hata kwa uongo.

"Ufunguo ulikuwa nao," alisema. "Mnyororo uliukatia nini?"

"Ionekane kazi ya mwizi."

"Uliukata na nini? Mnyororo ule si wa msumeno."

Jasper akatazama chini. "Kwa grainda, ile ya kukatia vyuma."

"Grainda inakula stima. Stima haikuwepo."

 Mbuzi mmoja alipita baina yao akachungulia ndani, akaondoka.

"Niliiwasha jenereta yenyewe," Jasper akasema mwisho. "Nikaunganisha grainda kwayo."

 Kwa hiyo ilinguruma. Siku ile ya mvua, nyuma ya ukuta ule ule uliokuwa na mayai, ilinguruma ikatoa moto wake wote kuukata mnyororo, na vifaranga wakipoa ndani.

"Hukuingia hata kuchomeka mashine ya mayai, Jasper? Hata kwa muda ule tu?"

"Nilitaka kumaliza haraka."

"Ulikuwa na shida gani? Ungeniomba, ningekupa."

"Najua ungenipa!" Sauti yake ilipasuka. "Hata hii karakana nilitaka kuilipia mwenyewe, ndiko pesa ya jenereta ilikoenda; nilijua nikikuomba utanipa. Umenipa kila kitu. Chakula, shule, kazi, hata jina lako. Nina watoto, dada, na bado mimi ni Jasper wa Everline. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho hukunipa wewe."

"Basi ukakichukua kwangu."

Jasper akajipangusa uso kwa mkono wenye masizi.

"Na Guracha?" Everline akauliza. "Kakukosea nini hata ukamwaga maziwa yake?"

"Mimi nilimwaga," Jasper alisema taratibu. "Na wewe ulinyamaza."

Everline akatoka, akashika njia ya Wema.

Jumamosi hiyo Everline aliwaita wazee wale wale, pale pale, akamtaja ndugu yake kwa jina. Mmoja akamnong'oneza kwamba mambo ya damu humalizwa nyumbani. "Guracha hakuaibishwa nyumbani kwangu," akajibu. "Aliaibishwa hapa." Kufikia hapo Jasper alikuwa ameshapanda basi la Malindi. Abdiaziz alipopata habari alirudisha jenereta mwenyewe kwa tuktuk, akasema hawezi kuwapikia watu kwa mali ya wizi. Yake na Jasper wangeyamaliza wao wawili.

Everline alimpata Guracha huko Garsen, penye wauza maziwa. Alikuwa akiosha majerikeni. Hakusimama, lakini alimsogezea kibao akae.

"Nimesikia," alisema. "Watu napiga simu."

"Nimekuja kukuomba msamaha, Guracha."

Alisuuza jerikeni moja, akamwaga maji, akaliegemeza ukutani. "Maneno ya Jasper haikuniuma, mama. Jasper mimi sikumjua. Wewe nilikujua."

Everline aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja akiwa na jeraha lake, akidhani ndilo kubwa kuliko yote, na sasa aliona alivyomtia mwingine lile lile.

"Nimekusamehe," Guracha akasema. "Lakini kwako sirudi."

Wiki chache baadaye, Priscilla, mke wa Jasper, alikuja na watoto. Alisimama uani kama mgeni, ingawa ua ule aliufagia mara nyingi. Alisema Jasper amepata kibarua Malindi, hali chakula vizuri, wala hapati usingizi. Anauliza kama anaweza kurudi.

Everline aliwaita watoto ndani, akawapa mayai ya kuchemsha na chumvi. Akamkalisha mama yao.

"Nyinyi njooni wakati wowote," alimwambia. "Hapa ni kwenu. Na yeye mwambie Wema si yangu, siwezi kumfukuza. Arudi kwake."

"Na kwako, dada?"

Everline alimfuta mtoto mdogo chembe za yai shavuni. Mtoto alikuwa na uso wa Jasper, ule wa zamani, wa mgongoni.

"Kwangu, bado," alisema.