Mtani Kalala Chini ya Waya

Iddy alikuwa mkaguzi wa usalama wa njia ya umeme mkubwa huko Hombolo, na asubuhi ile hakuwa na la kukagua. Bartolomayo, mkulima wa zabibu, alikuwa ameshinda. Alitaka kuchimba kisima chini kabisa ya nyaya, kwa mtambo wenye mlingoti mrefu kuliko akili yake, na sheria, jamani, ilimruhusu. Kanuni inakataza mtambo kusogelea nyaya, halafu hapo hapo inafungua mlango wa uani: aliyekuwa akilima kabla nguzo hazijasimikwa anaweza kuomba ruhusa maalumu. Bartolomayo aliomba, ofisi mjini ikagonga mhuri. Iddy alikwenda kulalamika, akajibiwa kwamba taratibu zote zimefuatwa. Haya, mtu afe kwa kufuata taratibu.

Na maji yalikuwepo kwingine! Mpimaji aliyapata sehemu mbili: chini ya waya, na uani kwa Ruthu, mama mkwe wa Bartolomayo, shamba la pili tu. Lakini wawili hao hawakuwa wakisemeshana tangu mbuzi wa mama walipokula zabibu za mkwe, na Bartolomayo aliapa kwamba maji ya kumwomba mama mkwe hayapiti kooni mwake. Mizabibu inakauka, naye anashindana na bibi kizee!

Iddy alimpenda mtu yule, ndiyo shida. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mwenzake Mgogo, watani tangu enzi za mababu. Hawakupata kuonana bila kutukanana. Kule Gulwe, Iddy aliwahi kumbeba mtu aliyepigwa na umeme wa namna hiyo, na alijua kwamba waya mkubwa haungoji uuguse, unakurukia. Mtambo ulipowashwa, alimkimbilia Bartolomayo. Alimsihi kwa upole, akaonyeshwa karatasi yenye mhuri.

Basi Iddy akavua kofia ya kazi, akaenda penye alama ya kisima, akajilaza chali na kujifunika shuka.

Fundi wa mtambo akazima. Kila mtu pale alijua maana yake. Mtani akijilaza kaburini msibani hapigwi, haburutwi, wala hakasirikiwi. Hukombolewa kwa kupewa anachodai, na mazishi husubiri. Ofisi ina mhuri wake, sawa, lakini hakuna Mgogo mwenye haya atakayemkanyaga mtani.

Iddy akaangua kilio cha matanga. Akamlilia marehemu Bartolomayo, bahili, mla mlenda, aliyeona heri kufa kuliko kumwamkia mama mkwe. Majirani wakaja mbio, wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha akamlilia mjane, yaani Debora, mke wa Bartolomayo, akawataja watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza nani atasimama nao siku ya kipaimara. Debora, aliyekuwa akicheka kuliko wote, akakaa chini. Akalia kweli.

"Unataka nini, Mnyamwezi?" Bartolomayo akauliza. "Jogoo? Mbuzi?"

"Nataka kisima kichimbwe kwa mama mkwe wako."

"Hilo silitoi."

"Basi chimba. Anzia hapa tumboni."

Kelele zikamtoa Ruthu kwake, huku akijifunga khanga, akauliza amekufa nani. Wakamwambia ni mkwe wake, ila bado kidogo. Bibi akamtazama binti yake anavyolia, akazitazama zile nyaya kwa muda. Akasema bila kumwangalia mkwewe:

"Chimbeni kwangu. Simpendi, lakini kumzika sitaki."

Bartolomayo alisimama, karatasi mkononi, hajui aiweke wapi. Halafu akainamisha kichwa mbele ya watu wote, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi aliitikia kwa shingo upande, lakini aliitikia.

Mtambo ukahamishwa, na jioni likaanza kutoka tope, kisha maji. Bartolomayo akampelekea Iddy jogoo wa kumkomboa, maana mila haina mkopo. Akamkuta amekaa kizingitini.

"Siku yako ikifika, Mnyamwezi," akasema, "nitalala humo kaburini mpaka ndugu zako wanitolee ng'ombe."

Iddy akampokea jogoo, akamshika kwa nguvu kifuani.

"Ndivyo ninavyotaka," akasema. "Ungetangulia leo, mimi ningezikwa bila mtani."